Kusoma Sayansi ya Siasa Ukitokea Kalima: Mwongozo kwa Anayemaliza Sekondari

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kiliziagiza kampuni zilizo kwenye soko la hisa la huko zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani, na kama madini hayo yanalisha vita. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Ilitaja majimbo mazima, kwa hiyo kasiterite, yaani madini ya bati, ya mji wetu wa Kalima huko Maniema nayo ikaingia humo. Baadaye zikaja etiketi za kufunga kwenye kila gunia, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka shimo gani.

Watu wengi wa Kalima wanaweza kusimulia jinsi maamuzi hayo yalivyogusa bei, kazi na ada ya shule. Wanaoweza kueleza yalitoka wapi, yalipitia mikono ya nani na kwa nini yalifika kwa sura ile ni wachache. Hapo ndipo sayansi ya siasa inapoanzia. Ni elimu ya kuufuata uamuzi tangu ulipozaliwa hadi unapomwangukia mtu: nani aliamua, kwa mamlaka gani, nani alimshawishi, nani alifaidika, nani alilipa, na ushahidi wa hayo yote uko wapi.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kalima, na wa eneo lote la Pangi, anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huku akifikiria kuisomea fani hii. Ni wa wazazi wake pia, kwa kuwa ndio watakaouza mpunga ili alipe.

Jua kwanza unachokitaka

Wengi huchagua fani hii wakiwa wamemtazama mbunge akishuka kwenye gari. Jina la fani linavutia, lakini linapotosha. Kiti cha ubunge hupatikana kwa kura, chama, fedha na jina la mtu, na hakuna idara ya chuo inayoweza kukugawia hata kimoja kati ya hivyo. Ukiingia kwa nia hiyo peke yake, utachoka mwaka wa kwanza utakapopewa takwimu na mbinu za utafiti badala ya hotuba.

Ukipenda kesi na mahakama, soma sheria. Ukipenda hesabu za uzalishaji na biashara, soma uchumi. Ukipenda namna ofisi inavyopangwa, watumishi wanavyosimamiwa na mafaili yanavyotembea, kuna sayansi za utawala, ambazo mara nyingi ziko katika kitivo kimoja na siasa. Chagua sayansi ya siasa ikiwa kuna maswali yasiyokupa usingizi. Kwa nini amri moja inatiiwa na nyingine inapuuzwa? Kwa nini sheria nzuri haifiki kijijini? Kwa nini watu waliogombana jana wanasimama jukwaa moja leo?

Mahali pa kusoma, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Chuo cha karibu ni Chuo Kikuu cha Kindu, UNIKI. Njia ya kutoka Kalima ni kiasi cha kilomita 100, na mtu wa kwetu huufikia mji upande wa Alunguli kisha huvuka Lualaba. Vyuo vya serikali vya Kisangani, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa navyo vina vitivo vya sayansi za jamii, siasa na utawala. Kisangani na Lubumbashi zina historia ndefu katika fani hii. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa chuo kimoja cha taifa, na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi hadi muungano huo ulipovunjwa mwaka 1981.

Usihukumu chuo kwa umbali wake. Kusomea Kindu kuna faida ambayo wengi hawaihesabu: bunge la jimbo, ofisi ya gavana na idara za madini ziko mjini humo, na kwa mwanafunzi wa siasa hizo ni maabara. Chuo cha mbali kinakupa maktaba kubwa zaidi na walimu wengi zaidi, lakini utatumia fedha nyingi kwa nyumba na safari.

Kabla ya kulipa hata senti, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya uandikishaji, au umtume mtu unayemwamini, ukaulize haya:

1. Ni idara zipi zimefunguliwa mwaka huu: siasa, uhusiano wa kimataifa, utawala, sosholojia? Kitivo kinaweza kuwa na jina refu lakini idara moja tu inayofundisha.
2. Wanafuata mfumo upi? Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi imeanza kuhamia mfumo wa LMD: lisansi ya miaka 3 yenye krediti 180, kisha masta ya miaka 2, kisha udaktari. Kabla ya hapo ilikuwa gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2. Kaka yako akikuambia ana lisansi, ujue alikaa darasani miaka 5. Lisansi yako mpya ni ya miaka 3.
3. Ada inalipwa kwa awamu ngapi, na kwa faranga au kwa dola? Kama ni dola, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na nani?
4. Kwa chuo cha binafsi: iko wapi hati ya wizara ya elimu ya juu inayokiruhusu kufundisha fani hiyo? Omba kuiona. Diploma isiyotambuliwa itakufungia mlango siku ya kuomba kazi serikalini.

Wazazi, katika bajeti msihesabu ada peke yake. Kuna chumba katika mitaa ya Kindu kama Kasuku au Mikelenge, chakula, silabi za walimu, fotokopi, vifurushi vya intaneti, na mwishoni kuna uchapishaji wa kazi ya utafiti. Wengi hukwama mwaka wa pili kwa sababu gharama hizi ndogondogo hazikupangwa.

Jiandae kabla ya mwaka wa kwanza

Anza na Kifaransa. Siasa husomwa kwa maandishi marefu, na mtihani wake ni kuandika. Mwanafunzi anayeelewa mambo vizuri kwa Kiswahili lakini hawezi kupanga hoja katika kurasa tatu za Kifaransa atapata alama za chini kuliko akili yake. Kila wiki soma makala moja ya habari na uifupishe kwa sentensi kumi. Mpe mwalimu wako wa Kifaransa aisahihishe. Ukifanya hivyo tangu darasa la tatu la humanite, utafika chuoni ukiwa mbele ya wengi.

Usikiache Kiswahili. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kwa mtafiti wa Maniema ndicho chombo cha kazi, kwa kuwa mchimbaji, muuza soko na mzee wa ukoo watakueleza mambo yao kwa lugha hiyo. Kila dhana mpya unayofundishwa, jaribu kumweleza kwa Kiswahili mtu wa nyumbani asiyesoma chuo. Ukishindwa, hujaielewa bado. Rudi kwenye daftari.

Tatu, tafuta Katiba. Ilipitishwa kwa kura ya maoni Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ina vifungu zaidi ya 220, na faili lake linaingia kwenye simu ndogo. Isome yote kabla ya kuingia chuoni, hata kama nusu yake hutaielewa.

Masomo utakayokutana nayo

Majina ya masomo hutofautiana chuo hadi chuo, lakini mzizi ni mmoja.

*Utangulizi wa sayansi ya siasa na historia ya fikra.* Hapa utakutana na Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, aliyegawa mamlaka halali katika aina tatu: ya mila, ya mvuto wa mtu binafsi, na ya sheria na ofisi. Wanafunzi wengi hukariri aina hizo na kuishia hapo. Wewe una kipimo nyumbani. Warega, watu wa Pangi, hawakuwa na mfalme mmoja wa kuamuru nchi yote. Heshima na uongozi vilipitia Bwami, chama cha madaraja ambamo mtu hupanda kwa kufundishwa, kwa kuungwa mkono na ukoo wake na kwa tabia inayokubalika, hadi afike kindi, daraja la juu kabisa. Wanawake nao wana daraja lao, bunyamwa, lililofungamana na madaraja ya juu ya waume zao. Utawala wa Wabelgiji uliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Sasa jiulize: Bwami inakaa katika aina ipi kati ya zile tatu za Weber? Kwa nini serikali yenye askari na magereza iliogopa chama kinachofundisha kwa methali na sanamu ndogo za pembe? Daniel Biebuyck, aliyekaa na Warega miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu yao kilichotoka mwaka 1973, Lega Culture. Mwanafunzi anayetoka Pangi anaweza kukisoma na kumsahihisha mwandishi pale wazee wanaposema vingine.

*Historia ya siasa ya Kongo.* Usiridhike na Kinshasa. Julai 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu, na mwanzoni mwa Agosti wakaingia Kisangani. Benoît Verhaegen, aliyefundisha Kinshasa na baadaye Kisangani, alikusanya nyaraka na ushuhuda wa uasi huo. Juzuu ya pili ya kitabu chake Rébellions au Congo, iliyotoka mwaka 1969, inaihusu Maniema. Mbinu yake aliiita historia ya papo hapo: mtafiti huandika matukio yakiwa bado mabichi, pamoja na watu walioyaishi. Hakuna mbinu inayomfaa mwanafunzi wa jimbo letu kuliko hiyo, kwa kuwa kumbukumbu nyingi za Maniema ziko vichwani mwa wazee kuliko kwenye makabati ya serikali.

*Sheria ya katiba na taasisi.* Maniema ikawa jimbo mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa mara tatu. Kwa hiyo mwaka 2015 majimbo yalipoongezeka kutoka 11 hadi 26, mipaka yetu haikuguswa. Gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo, si na wananchi moja kwa moja. Kifungu cha 175 kinasema 40% ya mapato ya taifa yanayotoka jimboni hubaki jimboni, yakikatwa palepale yanapokusanywa. Katika utendaji fedha zimekuwa zikipanda Kinshasa kwanza, na majimbo yakilalamika kwamba kinachorudi ni pungufu. Nafasi iliyo kati ya maandishi na utendaji ndiyo shamba la mwanasayansi wa siasa. Mwanasheria atakuambia sheria inasema nini. Wewe unatakiwa ueleze kwa nini haitendeki na nani anafaidika isipotendeka.

*Uhusiano wa kimataifa.* Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hilo peke yake linatosha muhula mzima. Lakini Kalima ilikuwa katika uhusiano wa kimataifa zamani. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, lenye makao London, liliishiwa fedha za kushikilia bei, na bei ya bati ikaporomoka duniani. SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, Symetain ya Kalima ikiwemo, haikupona. Mwaka 1997 nafasi yake ikachukuliwa na SAKIMA. Mstaafu wa SOMINKI anayedai haki zake hadi leo ni sehemu ya historia hiyo sawasawa na mabalozi waliokaa London.

*Takwimu na mbinu za utafiti.* Usizikimbie. Wanafunzi wengi wa siasa hudhani wameiacha hesabu sekondari, kisha wanakwama mwaka wa tatu. Kusoma jedwali la matokeo ya uchaguzi, kuchagua watu wa kuhoji bila upendeleo, kutengeneza dodoso lisilomwongoza mtu kwenye jibu: huo ndio ufundi utakaokulisha baadaye.

Namna ya kusoma

Silabi ya mwalimu ni mwanzo tu. Anayeirudisha kwenye mtihani neno kwa neno anaweza kufaulu, lakini atatoka bila ufundi. Kwa kila somo tafuta angalau kitabu kimoja au makala mbili nje ya silabi. Intaneti ikipatikana, pakua mafaili mengi kwa mkupuo na uyasome baadaye bila mtandao. Undeni kikundi cha watu wanne au watano, kila mmoja asome sura yake na kuwafundisha wengine.

Sikiliza habari kama mtu wa fani. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Chukua habari moja, mfano hoja ya kumwondoa gavana, uilinganishe na ilivyosimuliwa na redio ya mtaa na ilivyosemwa sokoni. Andika katika safu tatu: kile ambacho wote wamekubaliana, kile wanachobishania, na kile ambacho hakuna aliyekithibitisha. Ukifanya zoezi hili kila wiki utaanza kutofautisha habari, maoni na uvumi. Bila hilo hakuna sayansi.

Tenga pia imani yako na kazi yako. Una haki ya kuwa na chama. Darasani, kipimo ni kama unaweza kueleza hoja ya mpinzani wako kwa uaminifu hadi yeye mwenyewe akubali kwamba umemwelewa.

Kazi ya mwisho: andika kuhusu kwenu

Kila mwaka wanafunzi hupeleka mada pana mno, kama vile demokrasia katika Afrika au amani katika Maziwa Makuu. Mada hizo huishia kunakili vitabu vya watu. Chagua swali ambalo jibu lake linaweza kupatikana kwa miguu yako.

Mfano: sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa Machi 2018. Inasema mrabaha unaolipwa na mwenye hati ya uchimbaji ugawanywe hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% sekta, uchifu au mji ambamo mgodi uko, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni inatakiwa pia itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayozunguka mgodi. Uchimbaji wa mikono una kodi na taratibu zake tofauti, na watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Hapo kuna maswali mengi ya utafiti. Viongozi wa sekta moja ya Pangi wanaelewa nini kuhusu ile 15%? Nani huamua fungu la maendeleo litumikeje? Ushuru anaotozwa mchimbaji kati ya shimo na Kindu unakusanywa na ofisi zipi, na kwa karatasi gani?

Ukishapata swali, fuata utaratibu. Omba barua ya kitivo inayokutambulisha. Ipeleke kwa kiongozi wa mahali kabla ya kuanza kuhoji, na utembee na nakala. Mweleze kila unayemhoji kazi hiyo ni ya nini, na umwache huru kukataa. Usiandike jina la mchimbaji au mtumishi aliyekuamini. Mpe herufi au namba, na orodha halisi uiweke mbali na daftari. Usipige picha vituo vya ukaguzi wala silaha. Kwenye mashimo, fedha na hofu hukaa pamoja, na hakuna diploma inayostahili kumtia mtu mwingine hatarini.

Mitego

Wa kwanza ni kununua alama. Anayenunua alama ananunua ujinga kwa fedha za wazazi wake, na mwajiri wa kwanza atamgundua siku atakapoombwa ripoti.

Wa pili unawaelemea zaidi wasichana: mtu mwenye mamlaka ya kutoa alama kudai mwili. Usibaki peke yako na jambo hilo. Hifadhi ujumbe na tarehe, mwambie mtu unayemwamini ndani na nje ya chuo, na mwende kulalamika mkiwa zaidi ya mmoja. Kifungu cha 14 cha Katiba kinaitaka serikali iondoe ubaguzi dhidi ya wanawake na kupambana na ukatili dhidi yao. Wazazi nao wamwamini binti anapokuja na habari hiyo.

Wa tatu ni kutumiwa. Kampeni ikikaribia, wanasiasa hutafuta wanafunzi wa kupiga kelele, na malipo yake ni fulana na nauli. Ukitaka kushiriki, omba kazi yenye kufundisha: kuandika muhtasari, kuratibu mashahidi wa vituo vya kura, kuchambua matokeo.

Baada ya shahada

Ajira si rahisi, na anayekuahidi vingine anakudanganya. Milango ipo, lakini hufunguka kwa ufundi unaoweza kuuonyesha. Mabunge ya majimbo na wizara huhitaji watu wa kuandika ripoti. Tume ya uchaguzi, CENI, huajiri kwa muda wakati wa uandikishaji na uchaguzi. Idara zinazosimamia uchimbaji mdogo, kama SAEMAPE, mashirika ya kiraia na vyombo vya habari huhitaji wanaoweza kuhoji na kuandika. Shule ya Taifa ya Utawala, ENA, iliyoko Kinshasa, huchukua wahitimu kwa mtihani wa ushindani. Watafiti wa kutoka nje hutafuta wasaidizi wanaojua eneo na lugha.

Kwa hiyo ongeza vitu vitatu kwenye diploma yako: kompyuta, hasa jedwali la hesabu, Kiingereza, kwa kuwa majirani zetu wengi wa Afrika Mashariki hufanyia kazi lugha hiyo, na kurasa ulizoandika mwenyewe ambazo unaweza kumpa mtu azisome.

Anza mwezi huu

Pata nakala ya Katiba na usome sura inayohusu majimbo. Mtafute mzee mmoja aliyefanya kazi SOMINKI na mwingine anayeijua Bwami, uwahoji na uandike tarehe. Kisha chagua uamuzi mmoja uliogusa mtaa wako, hata kama ni ushuru wa soko, ufuatilie hadi ujue karatasi yake ilisainiwa na nani.

Na siku utakapoitetea kazi yako mbele ya walimu, usiiache kwenye rafu ya chuo. Ifupishe kwa kurasa mbili za Kiswahili. Peleka nakala kwenye shule uliyosoma, kwenye ofisi ya sekta na kwenye redio ya mtaa, na uwasomee wale waliokupa muda wao. Wao ndio wasomaji wa kwanza wenye haki ya kukuambia kama umesema kweli.